Sikio la Kanisa la Kola

Kitu cha kwanza kuugua nyumbani kwetu kilikuwa saa ya kengele. Mume wangu Ndunda aliamka siku moja jua limeshapanda, akaishika saa ile, akaitikisa, akatangaza kwamba imekufa. Mimi nilikuwa nimeisikia ikilia mpaka ikachoka, nikadhani ameamua tu kulala kama wastaafu wengine. Aliipeleka kwa fundi kule Mumbuni. Fundi akairudisha bila kutoza hata shilingi, akisema saa haina ubaya wowote. Ndunda akasema mafundi wa siku hizi hawajui kazi.

Baada ya saa ikaugua redio. Baada ya redio wakaugua wajukuu, ambao ghafla walikuwa wanaongelea puani. Na mwisho wakaugua wanawake wa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu hapa Kola. Ndunda alikuja nyumbani Jumamosi moja baada ya mazoezi, akatupa kofia mezani.

"Hawa soprano wamekuwa wavivu," akasema. "Wanafungua mdomo tu. Sauti hakuna."

Mimi nilikuwa nimepita karibu na kanisa saa ile ile nikitoka kuteka maji. Soprano walikuwa wanasikika hadi mtoni.

Niseme wazi, kwa sababu mimi si mtu wa kuzungukazunguka: mume wangu alikuwa anapoteza masikio. Hakuwa amepoteza kila sauti. Lori alilisikia, ng'ombe aliwasikia, na wanaume wa besi aliwasikia vizuri kabisa. Zilizompotea ni zile sauti nyembamba za juu, za wanawake na watoto na ndege. Wala hilo peke yake lisingekuwa msiba, wazee wangapi hapa hawasikii na wanaishi. Lakini Ndunda alikuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka ishirini na minane.

Kazi iliyomlisha ilikuwa ukarani katika ranchi moja ya Konza, kupima uzito wa ng'ombe na kuuandika. Hakuna aliyemkumbuka kwa hiyo. Alikumbukwa kwa kusimama mbele ya kwaya, kufunga macho, kuguna kidogo, kisha kumpa kila mtu noti yake kwa do-re-mi bila kinanda wala filimbi, na asikosee. Watu wazima walimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki. Ukimwondolea kwaya, angebaki mzee mmoja mwenye ng'ombe wawili, na mwaka ule wa elfu mbili, kwa ukame uliokuwapo, hata hao ng'ombe hawakuwa wa kutegemea.

Kanisani kwetu wanaume hukaa kulia na wanawake kushoto, na mimi hukaa benchi la mbele. Tangu ujana wetu Ndunda alikuwa na desturi ya kunitupia jicho wimbo ukiendelea, kwa maana anayesimama mbele ya kwaya yuko karibu nayo mno kujua inavyofika kwa watu. Nikigusa kitambaa changu cha kichwa, soprano wamezidi. Nikigusa kidevu, besi wamezidi. Zamani alinitazama mara moja kwa wimbo mzima. Siku hizi alikuwa haniondolei macho, na mimi nilikuwa nafanya kazi kuliko kwaya yenyewe. Nilijua kwa nini. Niliamini naye anajua kwamba najua, ila hataki litajwe, basi nikaliacha.

Kisha akasimama katika mkutano wa kanisa akasema kosa ni la spika.

Tulikuwa na spika mbili za zamani, zile za pembe, zimefungwa juu ya mlango, nazo kweli zilikuwa zinakoroma. "Hizi zinameza soprano," Ndunda akawaambia. "Tukipata spika za kisasa mtasikia kwaya kama ilivyo." Alisema kwa uchungu hata mimi nikataka kumwamini. Nadhani yeye mwenyewe aliamini. Alikuwa ameshalaumu saa, redio na wajukuu, na sasa spika ndizo zilizokuwa zimebaki.

Kanisa likakubali. Naomba ukumbuke ule ulikuwa mwaka wa njaa. Wanawake walisuka vyondo vya kuuza, vile vikapu vya katani, hadi vidole vikatoka malengelenge. Kila Jumapili baada ya ibada palikuwa na mnada nje, mayai matatu, papai moja, na kuku mmoja mwekundu aliyenunuliwa na kurudishwa mara nne auzwe tena. Nzilani, mjane wa kule chini, alileta debe la mbaazi alizokuwa ameweka mbegu. Nilimwambia arudi nazo. Akaniambia, "Mama Nzembi, mvua ikikataa hata mbegu ni za nini? Wacha niimbe."

Pesa zilipotimia, swali la nani atakwenda kuchagua halikuchukua hata dakika. "Ni nani mwingine?" Pasta Mutiso akasema. "Mwalimu ndiye sikio letu." Wanawake wakataka mmoja wao awepo kwa kuwa vyondo vilikuwa vyao, wakanituma mimi. Jeremiah, ambaye ana pikapu ya kubebea mchanga, akajitolea kutupeleka.

Tulifika Machakos mjini saa tano asubuhi na stima haikuwapo. Ulikuwa wakati wa mgao, stima inakuja kwa ratiba, leo mtaa huu na kesho ule. Kila duka lenye uwezo lilikuwa na jenereta inayonguruma mlangoni. Duka la spika tuliloelekezwa lilikuwa la kijana anayeitwa Titus, naye hakuwa na jenereta.

"Karibu Mzee, karibu Mama," Titus akasema. "Hapa stima inarudi saa nane. Mnaweza kunywa chai hapo ng'ambo, alafu mje tuzijaribu. Ama nimuombe kinyozi wa hapa kando aniazime jenereta yake kidogo."

Nilimwona Ndunda akivuta pumzi, na ilikuwa pumzi ya mtu aliyepona.

"Hakuna haja," akasema. "Mimi spika naijua kwa mkono."

Akaanza. Aligonga kila kisanduku kwa kifundo cha kidole. Akazinyanyua kupima uzito, kazi ambayo alikuwa ameifanya maisha yake yote kwa ng'ombe. Akaweka kiganja juu ya ile karatasi nyeusi iliyo katikati, akaibonyeza polepole, akaiachilia. Aliinama hata akanusa gundi. Titus alikuwa anamfuata nyuma kwa heshima. Jeremiah alisimama mlangoni amekunja mikono, ameshaanza kuihifadhi hadithi ya kuwapelekea watu nyumbani.

"Hizi mbili," Ndunda akasema.

"Mzee, wewe uko na hiki kitu kwa damu," Titus akasema.

Mimi nilikuwa nafikiria debe la Nzilani. Nikamsogelea Ndunda nikamshika mkono wa koti. "Baba Nzembi, tungoje stima. Ni masaa matatu tu ya kungoja. Tuzisikie."

Akanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, maana hasira yake naijua na huwa hainitishi. Nilichokiona ni woga. Mume wangu alikuwa ananiogopa mimi, pale dukani, mbele ya watu, macho yake yakiniomba ninyamaze. Nilimhurumia. Na wakati ule ule nilitaka kumpiga kwa mkoba, kwa sababu zile hazikuwa pesa zake za kuchezea.

Nilinyamaza. Nikawaacha waanze kufunga kamba.

Basi stima ikarudi. Ratiba ilisema saa nane, lakini ilirudi saa sita kasoro, taa zikawaka, na kule kwa kinyozi watu wakapiga kelele za furaha. Titus naye akafurahi. "Mzee, Mungu amekupenda! Ngoja uzisikie kabla uende." Akafungua kamba, akaunganisha nyaya, akatia kaseti ya kwaya fulani.

Spika ya kwanza ilitoa sauti safi kabisa. Ya pili ilianza vizuri, lakini wanawake wa kwenye kaseti walipopanda juu ikaanza kukwaruza, kama maharagwe yakitikiswa ndani ya mkebe. Jeremiah alikunja uso. Mteja mmoja aliyekuwa anatafuta betri aliinua kichwa. Titus akamtazama Ndunda, akingoja aambiwe.

Ndunda alikuwa amesimama karibu kabisa na ile spika mbovu, kiganja kimewekwa juu ya kisanduku, amefunga macho, anatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika. Watu wote mle dukani walisikia isipokuwa yule aliyetumwa kusikia.

"Nzuri," akasema. "Zote mbili. Funga."

Titus alinitazama. Kisha, polepole, akachukua kamba. Simlaumu sana, biashara ilikuwa mbaya na mteja alikuwa amesema nzuri. Nilikuwa na nafasi ya kuhesabu hadi tatu hivi. Ningesema kweli, mume wangu angemalizika palepale, na kabla ya jua kutua Kola nzima ingekuwa inajua. Ningenyamaza, wanawake wangekuwa wamesukia ule mkebe wa maharagwe.

Nikampa Ndunda mgongo ili asiuone mdomo wangu, nikamsogelea Titus.

"Kijana," nikasema, "Mzee anakupima. Anangoja aone kama utasema mwenyewe."

Titus aliacha kamba kana kwamba imemuunguza. "Haki ya Mungu, Mama, nilikuwa nataka kusema! Hii iko na shida. Pole sana Mzee, pole." Akaibeba ile spika ndani mbio, akaleta nyingine, akaijaribu, na hii ikaimba vizuri hadi noti ya mwisho. Kisha akamshika Ndunda mkono kwa mikono yake miwili. Ndunda hakuelewa lolote, lakini aliona spika ikiondoka na nyingine ikija, akatikisa kichwa kwa uzito wa mtu mkubwa. Kwa hali nyingine ningecheka.

Ndani ya pikapu Jeremiah alipiga usukani. "Mwalimu, leo huyo kijana umemshika! Spika inakwaruza hivyo na wewe unasema nzuri, nzuri, umemkazia tu! Aiyai!" Sauti ya Jeremiah ni nzito, Ndunda aliisikia yote. Tulipokuwa tunashusha spika kanisani aliniuliza, akitazama pembeni, "Zile jenereta za mjini zilikuwa na kelele, ama?"

"Zilikuwa na kelele sana," nikamwambia.

Huo ulikuwa uongo wangu wa pili siku hiyo, na wa kwanza ulikuwa tayari unatembea. Jeremiah hakuiruka hata nyumba moja. Kufikia Jumapili, habari ya Mwalimu aliyempima muuza spika hata kijana akatokwa na jasho ilikuwa imefika hadi kwa Wakatoliki wa upande wa pili wa barabara. Pasta Mutiso aliisimulia madhabahuni. "Ndugu zangu, kuna masikio, na kuna sikio," akasema, na watu wakampigia Ndunda makofi. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nilitaka kumficha, na nilichofanya ni kumpandisha mahali pa juu zaidi, ambapo akianguka ataumia zaidi.

Spika zilikuwa zimewekwa kushoto na kulia, jenereta ya kuazima ikinguruma huko nyuma ya jengo. Mumbua, kiongozi wa soprano, alipewa maikrofoni. Ndunda akafunga macho, akaguna, akatoa noti nne, na zote zilikuwa sawasawa, kwa maana zile hazikai masikioni mwake, ziko mahali pengine ndani. Kwaya ikaanza.

Mtoto mmoja alishtuka akalia. Nzilani aliweka mikono kifuani. Ilikuwa sauti kubwa, safi, kila neno liko wazi, na soprano walikuwa juu ya vyote hadi nilihisi meno yangu yakitetemeka. Nilifurahi kwa dakika moja nzima, kwa ajili ya vyondo vyote vile.

Ndunda alikuwa anainua mkono wa kushoto. Soprano, pandisheni. Mumbua akapandisha. Ndunda akainua tena. Wakapandisha tena, mishipa imewatoka shingoni, na watu wa mabenchi ya mbele wakaanza kukunja nyuso. Akainua tena. Jasho lilikuwa linamtoka. Kisha akanitazama, na mimi nikagusa kitambaa cha kichwa.

Hakuamini. Akatazama spika ya kushoto, akatazama ya kulia, mpya, zinang'aa, hazina ubaya wowote. Akanitazama tena. Nikagusa kitambaa tena, na machozi yalikuwa yananitoka, kwa sababu niliona anatafuta kitu kingine cha kulaumu na hakipo.

Aliteremsha mkono. Kwaya ilikatika vipande vipande, besi wakiwa wa mwisho. Ndunda akageuka kututazama sisi tuliokaa.

"Spika ni nzuri," akasema. Alisema kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Ni mimi sisikii. Hizi sauti za juu zimeniondoka, sijui mwaka wa ngapi huu. Na dukani sikumpima mtu. Ile spika mbaya sikuisikia. Mke wangu Kalekye ndiye aliisikia, akanisitiri."

Pasta Mutiso akainuka nusu, nadhani alitaka kutuombea, lakini Ndunda alimwinulia kiganja kama anavyowazuia besi, na Pasta akakaa.

"Mumbua atashika kwaya," Ndunda akaendelea. "Jumamosi nitakuja niwape do-re-mi yenu, hiyo bado niko nayo. Lakini hapa mbele asimame mtu anasikia."

Mumbua alikuwa analia ndani ya maikrofoni, na spika zile nzuri zilikuwa zinatuletea kila kwikwi. "Tuanzie wapi, Mwalimu?" akauliza.

Ndunda hakumsikia. Alikuwa bado anatutazama sisi. Basi nikasimama, mimi ambaye sijawahi kufungua mdomo kanisani isipokuwa kuimba, nikasema kwa nguvu zangu zote, "Anauliza waanzie wapi!"

"Mwanzo," Ndunda akasema. "Na washuke kidogo. Naona wanawaumiza watu."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Aliteremka akaenda kukaa upande wa wanaume, mwishoni mwa benchi, na wakati wote wa wimbo aliyakazia macho magoti yake.

Nyumbani tulikula kwanza. Nilikuwa nimekaa barazani nikichambua mbaazi, yeye kwenye kiti chake, akakisogeza hadi akawa ananitazama uso kwa uso.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

"Tangu saa ya kengele."

Alihesabu kwa vidole. "Miaka miwili. Na mimi nilikuwa nakuficha. Kila siku naogopa, leo Kalekye atajua. Kwa nini ulininyamazia?"

Hapo nikakasirika. "Sikukunyamazia! Nilikuambia. Mwaka jana, ile siku tulimzika dada yangu Nthenya. Tulikuwa tumelala, umezima taa, nikakuambia yote. Ukaniambia, 'Ĩĩ, nesa,' ukageuka upande ule mwingine. Nikajua umekubali na hutaki maneno zaidi. Ndiyo maana sikurudia."

Ndunda alielekeza kidole kwenye mdomo wangu.

"Kalekye," akasema, "taa ikizimwa mimi sioni mdomo wako. Usiku nasema ndiyo tu, usije ukajua."

Ungo wa mbaazi ulikuwa mapajani mwangu na sikuweza kuusogeza. Mwaka mzima mimi nimetembea nikijua tuko wawili katika jambo hili, nikilala usingizi mzuri kwa sababu ya ile ndiyo. Yeye alikuwa kando yangu kitanda kimoja, peke yake.

"Uliniambia nini?" akauliza.

Niliweka ungo chini. Nikasogeza kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana, nikafuta uso kwa leso ili mdomo uonekane vizuri.

"Nilikuambia hivi. Baba Nzembi, najua masikio yako yanakwenda. Usiniogope mimi. Mimi sikukupendea masikio. Yakiisha kabisa, nitakuwa nakuambia mimi, kila kitu, hata kama ni kwa kukuchorea chini kwa kijiti."

Machozi yalikuwa yanamteremka hadi kidevuni na hakuyafuta, maana hakutaka kuondoa macho mdomoni mwangu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.